Simu Ikiibwa, Nini Hasa Kimeibwa? Historia Fupi ya Namba Iliyogeuzwa Kuwa Mtu

Mtu aliyeibiwa simu pale Kariakoo mwaka 2002 alikuwa na mambo mawili ya kulilia: bei ya kifaa chenyewe, na namba za watu alizokuwa amezihifadhi humo bila kuzinakili kwenye daftari. Kwa wiki moja au mbili angewaomba ndugu na marafiki namba zao upya, kisha maisha yangeendelea. Anayekwapuliwa simu leo, akiwa dirishani mwa daladala kwenye foleni, yuko katika hali nyingine kabisa. Kabla hajashuka kituoni, huenda akiba yake ya kwenye simu imehamishwa, mkopo umechukuliwa kwa jina lake, na shangazi yake aliyeko Tabora amepokea ujumbe wa WhatsApp wenye picha yake, ukimwomba laki mbili za haraka zitakazorudishwa kesho asubuhi. Kifaa kinaweza kuwa ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote vilivyochukuliwa.

Katika makala haya ninataka kueleza tulivyofika hapa. Hoja yangu ni kwamba hatukufikishwa na teknolojia peke yake. Katika muda wa miaka 30 hivi, wahandisi, kampuni na serikali walifanya maamuzi kadhaa, kila mmoja kwa sababu zake, na jumla ya maamuzi hayo ni kwamba namba ya simu imegeuzwa kuwa mtu. Anayeielewa historia hiyo ataelewa pia kwa nini simu inapoibwa laini ndiyo ya kufungwa kwanza, na kwa nini kazi ya kuufunga kila mlango isingepaswa kuachiwa aliyeibiwa peke yake.

Tuanze mbali kidogo. Swali la "wewe ni nani, na ushahidi wako uko wapi?" lina historia chungu katika Afrika Mashariki. Katika mashamba ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kibarua iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi mpaka zitimie siku 30. Kenya, neno hilohilo lilibeba uzito mwingine. Chini ya sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikasha cha chuma alichokining'iniza shingoni. Kutembea bila hati hiyo lilikuwa kosa la jinai. Harry Thuku na wenzake waliupinga mfumo huo, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliandamana Nairobi, polisi wakawafyatulia risasi na kuua. Alama za vidole zenyewe zilikuwa zimefanyiwa majaribio katika himaya hiyohiyo: mwaka 1858 ofisa wa Kiingereza huko Bengal, William Herschel, alimtaka mkandarasi mmoja agandamize kiganja chake kwenye mkataba ili baadaye asiukane.

Sisemi kwamba laini ya simu ni kipande. Ninachokiona katika historia hiyo ni tabia moja ambayo haijatutoka: mifumo ya utambulisho hubuniwa kwanza kwa mahitaji ya yule anayetaka kumjua mtu, awe mwajiri, mkusanya kodi, polisi au kampuni. Mahitaji ya aliyepoteza utambulisho wake hufikiriwa mwishoni, na jibu la kawaida ni kumwambia azunguke ofisini.

Sasa tuje kwenye laini. Kadi ya kwanza ya SIM ilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, kwa ajili ya kampuni ya simu ya Radiolinja nchini Finland. Uamuzi mkubwa uliobebwa na kadi hiyo ulikuwa kumtenganisha mteja na kifaa chake. Mteja alikaa kwenye kadi, ambayo ndani yake mna ufunguo wa siri usiotoka nje: mtandao huuliza swali, kadi hupiga hesabu na kujibu, na jibu likiwa sahihi mtandao huamini kwamba mteja ndiye. Kifaa nacho kilibaki na utambulisho wake, yaani IMEI, namba ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#. Kwa hiyo tangu mwanzo simu ya mkononi ilikuwa vitu viwili, na mwizi wa simu ni mwizi wa vitu viwili. Kuna na cha tatu, yaani akaunti zetu za mtandaoni, nacho nitakifikia.

Wahandisi wale hawakusahau wizi. Waliipa kadi namba yake ya siri, ya tarakimu 4 hadi 8, ambayo huulizwa kila kadi inapowashwa katika simu yoyote. Ukikosea mara tatu, kadi hujifunga na kudai namba ndefu zaidi iitwayo PUK; ukiikosea PUK mara kumi, kadi hufa moja kwa moja. Ni ulinzi mzuri, tena wa bure, na sisi hatuutumii. Ile plastiki yenye PUK huachwa chini ya mwavuli wa wakala dakika ileile laini inaponunuliwa. Nadhani sababu yake ni ya kihistoria. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994, na kwa zaidi ya muongo mmoja laini haikuwa na kitu cha kulindwa isipokuwa salio la vocha, ambalo wengi wetu tuliliogopa kulitumia kiasi cha kugeuza kubipu kuwa lugha kamili yenye sarufi yake. Hakuna anayeweka kufuli kwenye kibanda kitupu. Kibanda kilipojazwa mali, tabia ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Kilijazwa mwaka 2007. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi mwaka huo na Tanzania mwaka uliofuata. Mradi wenyewe haukuanza kama mfumo wa kutumiana fedha. Majaribio ya mwaka 2005, yaliyofanywa na Vodafone kwa msaada wa fedha za maendeleo za serikali ya Uingereza, yalilenga kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu wakautumia kwa kazi nyingine, yaani kumtumia mama kijijini, na kampuni ikaifuata njia hiyo. Yanayofuata yanajulikana na sina haja ya kuyarudia.

Jambo moja la muundo wake lakini linastahili kusemwa polepole, kwa sababu wengi hulielewa kinyume. Fedha yako haimo ndani ya laini wala ndani ya simu. Imo kwenye vitabu vya kampuni, nayo kampuni huiweka benki katika akaunti ya dhamana. Simu ikitumbukia bahari ya Kigamboni, hujapoteza hata senti ya akiba yako. Simu na laini ni utambulisho tu: ni namna ya kuviambia vitabu vile kwamba anayetoa amri ni wewe. Mwizi basi haibi fedha. Anaiba uwezo wa kujifanya wewe, na kati yake na vitabu vile imebaki namba ya siri ya tarakimu nne. Tarakimu hizo nne, kwa watu wengi mno, ni mwaka wa kuzaliwa. Na mwaka wa kuzaliwa umo kwenye picha ya kitambulisho cha taifa uliyoihifadhi ndani ya simu hiyohiyo. Hata namba ya NIDA yenye tarakimu 20 huanza na tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia.

Hatua iliyofuata haikuzungumzwa vya kutosha. Mwezi Novemba 2012 Kenya ilipata M-Shwari, na mwaka 2014 Tanzania ikapata M-Pawa: akiba na mikopo kwa simu, bila fomu na bila mdhamini, kwa kuitazama tu historia ya matumizi ya laini. Tangu hapo laini haikubeba tena kile ulichonacho peke yake. Ilibeba na kile unachoweza kudaiwa. Wizi wa kale ulikuwa na mpaka: pochi ikiibwa, hasara inaishia kwenye kilichokuwa ndani ya pochi. Wizi wa laini unaweza kukuacha chini ya sifuri.

Wakati sisi tunaweka fedha kwenye laini, dunia ya kompyuta ilikuwa inaelekea kwenye laini hiyohiyo kwa njia nyingine. Neno la siri la kompyuta lilianza kutumika katika Chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1961, katika mfumo uliosimamiwa na Fernando Corbató, ili watumiaji wengi wa mashine moja wasiingiliane. Mwaka mmoja tu baadaye mtafiti mmoja chuoni hapo, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine, aliagiza faili la maneno yote ya siri lichapwe, likachapwa. Udhaifu huo haujawahi kutibiwa. Watu husahau maneno ya siri, huyarudia kila mahali, huyaandika ukutani. Kampuni za mtandao zilipochoka kuwahudumia waliosahau, zilipata suluhisho rahisi: kila mtu ana simu, basi tumtumie namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi.

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa salamu za Krismasi. Chombo kilichobuniwa kwa salamu kikafanywa kuwa mbeba funguo za benki, barua pepe na mitandao ya kijamii. Mwaka 2016 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa rasimu iliyoshauri kuachana na njia hiyo. Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, mkuu wa Twitter mwenyewe, ilitekwa baada ya wahalifu kuidanganya kampuni ya simu ikawapa udhibiti wa namba yake. Kama mwenye mtandao aliingiliwa hivyo, mwalimu wa sekondari ya kata hana sababu ya kujiona salama.

Hapa ndipo vile vitu vitatu vinapokutana. Unaweza kuwa na neno la siri refu, gumu, lenye herufi kubwa na alama za kila aina. Mwizi hahangaiki nalo. Anabonyeza palipoandikwa "nimesahau neno la siri", namba ya uthibitisho inakuja kwenye laini aliyoishika, naye anaweka neno jipya. Tumeuziba mlango wa mbele kwa nondo na kuuacha wa uani wazi. Hata simu iliyofungwa kioo haimzuii, kwanza kwa sababu simu nyingi huonyesha ujumbe juu ya kioo kilichofungwa, na pili kwa sababu anaweza kuichomoa laini na kuiweka kwenye simu ya elfu ishirini. Laini isiyo na namba yake ya siri humtumikia yeyote anayeishika.

Serikali nazo zilikuwa zinaijenga njia ya tatu kuelekea palepale. Tanzania ilianza kusajili laini mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaufanya usajili kuwa wajibu. Usajili ule wa kwanza, tuseme ukweli, ulikuwa wa kuchekesha. Laini moja ingeweza kuwa na jina la mtu ambaye hajawahi kuiona. Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha NIDA. Ukomo uliwekwa 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na baada ya 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tunakumbuka foleni za ofisi za NIDA miezi ile.

Lengo lililotangazwa lilikuwa kupambana na uhalifu, na si haki kusema halikuzaa kitu. Aliyeibiwa leo hurejeshewa laini yake kwa kidole chake, na mwizi asiye na kidole hicho hawezi kumtangulia dukani kirahisi. Hata hivyo, usajili uliimarisha kiungo kati ya namba na mtu bila kuimarisha kwa kiwango hichohicho njia ya kukikata kiungo hicho kinapoangukia mikono mibaya. Kumwambia mtu kwamba laini hii ni yeye mbele ya sheria ni jambo zito. Linalotendwa na laini hiyo katika saa za mwanzo baada ya kuibwa, kumbukumbu zitaonyesha limetendwa na yeye.

Kuhusu kifaa chenyewe sitakawia. Uingereza ilipitisha mwaka 2002 sheria iliyofanya kubadili IMEI kuwa kosa. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na TCRA ikafanya hivyo hapa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, ikithibitisha kwamba mitandao yetu inaweza kukikataa kifaa kwa namba yake. Marekani, waendesha mashtaka wa New York na San Francisco walianzisha mwaka 2013 kampeni ya kuzitaka kampuni ziweke kufuli inayoifanya simu iliyoibwa isiwe na faida. Apple ikaleta kufuli ya namna hiyo mwaka huohuo, California ikaifanya sharti la kisheria mwaka 2014, na Android ikafuata. Hatua hizi zote zinashambulia soko la simu za wizi. Hazilindi akaunti zako. Na zimeleta tabia mpya: kwa kuwa simu iliyofungwa haiuziki bila neno la siri la mwenyewe, wezi humtafuta mwenyewe. Siku chache baada ya wizi hupokea ujumbe mtamu kwamba simu yake imepatikana, afungue kiungo fulani na aingize neno lake la siri. Wengine humvizia mtu akibonyeza namba ya kufungulia kioo ndipo wamwibie, mbinu iliyofanya Apple iongeze ulinzi maalumu Januari 2024.

Kutokana na historia hiyo, utaratibu wa kufuata baada ya kuibiwa una mantiki yake. Wengi wetu tukiibiwa huanza kuipigia namba yetu wenyewe ili kumsihi mwizi. Kila dakika ya kumsihi ni zawadi kwake. Azima simu ya aliye karibu, piga 100 kwa mtandao wako, na uombe laini ifungwe pamoja na akaunti yake ya fedha. Kama uliyemwazima yuko mtandao mwingine, tafuta wa mtandao wako au ingia duka la huduma lililo karibu. Laini ikifungwa, mlango wa uani umefungwa kwa akaunti zote kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana inatangulia hata benki. Benki ifuate mara moja, kwa sababu programu yake inaweza kuendelea kufanya kazi kwa intaneti nyingine hata bila laini yako.

Kisha barua pepe, kwani baada ya laini hiyo ndiyo mama wa funguo zote. Kwa kompyuta ya ofisi au ya mtu unayemwamini, badili neno la siri na uviondoe vifaa vingine vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Utakutana na kikwazo: mfumo unaweza kukuomba namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu iliyoibwa. Kwa sababu hiyo Google na kampuni nyingine hutoa namba za akiba za kuchapwa na kuwekwa ndani ya Biblia, msahafu au popote usipopoteza. Ukishaingia, tumia huduma ya kutafuta kifaa ya Google au Apple ukifunge na, ukiona hakuna matumaini, ukifute. Usikiondoe kifaa kwenye orodha ya vifaa vyako, hata ukibembelezwa na ujumbe wa aina gani. Ukikiondoa umempa mwizi ile kufuli niliyoieleza hapo juu.

Rejesha laini siku hiyohiyo ikiwezekana, na uiingize WhatsApp yako kwenye simu nyingine, hata ya kuazima. WhatsApp hukaa kwenye simu moja kuu kwa namba moja, kwa hiyo ukiingia wewe yeye anatolewa. Lakini kama hukuwa umeweka namba yako ya siri ya hatua mbili, na mwizi akawahi kuweka yake, unaweza kusubiri hata siku saba. Ndugu na makundi waambiwe kwa sauti, kwa kupigiwa, maana ujumbe wa maandishi ndiyo silaha ya yule mwingine. Anayeombwa fedha kwa jina lako anaweza kuituma namba ya mtapeli kwenda 15040. RB ya polisi nayo ichukuliwe, hata kama huna imani kwamba simu itaonekana, kwa sababu ndiyo karatasi pekee itakayosema saa ngapi laini ile iliacha kuwa wewe.

Yanayofanyika kabla ya wizi ni machache na hayagharimu kitu. Weka namba ya siri ya laini, lakini itafute kwanza PUK yako, usije ukajifungia nje. Zuia ujumbe usionekane juu ya kioo kilichofungwa. Andika IMEI kwenye karatasi. Weka hatua mbili za WhatsApp pamoja na barua pepe ya kurejeshea. Futa picha za vitambulisho, na hasa ule ujumbe uliojitumia mwenyewe wenye namba zote za siri, ambao nina hakika wasomaji wangu kadhaa wanao.

Kuna jambo ambalo orodha hizi haziligusi. Data iliyomo kwenye simu yako kwa sehemu kubwa si yako. Mwanaharakati anabeba majina ya watu waliomweleza mambo kwa kumwamini. Mtumishi wa umma anabeba nyaraka za ofisi zilizopita kwenye kundi la WhatsApp la idara kwa sababu barua pepe ya serikali ilionekana inachelewa. Mwanafunzi kiongozi anabeba orodha ya wenzake yenye namba za usajili na za simu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikiri mwaka 2014, katika shauri la Riley dhidi ya California, kwamba simu haiwezi kuchukuliwa kama kitu kingine chochote kinachokutwa mfukoni, na kwamba kwa kawaida polisi wahitaji kibali kuipekua hata baada ya kumkamata mtu. Sisi tunayo Ibara ya 16 ya Katiba kuhusu faragha, na tangu 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye Tume yake. Sheria hiyo inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zizilinde. Ofisi inayoendesha shughuli zake kwenye simu binafsi za watumishi wake, bila utaratibu wowote wa kufuata simu ikiibwa, ina swali la kujibu mbele ya sheria hiyo, na ningependa kuona Tume ikiliuliza.

Tuitazame Brazil. Novemba 2020 benki kuu yake ilizindua Pix, mfumo wa malipo ya papo kwa papo, na wezi wakabadilika haraka: simu ikawa inaibwa ikiwa wazi mkononi ili akaunti zikombwe kabla mwenyewe hajazinduka. Desemba 2023 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilianzisha huduma iitwayo Celular Seguro. Raia hujisajili mapema pamoja na watu anaowaamini. Simu ikiibwa, yeye au mmoja wa watu hao hutoa taarifa mara moja tu, nayo hupelekwa kwa mamlaka ya mawasiliano, kampuni za simu na benki zilizojiunga, na kila mmoja hufunga upande wake. Huduma hiyo haijaumaliza wizi. Ila imeuhamisha mzigo wa kuzunguka kutoka kwa aliyeibiwa, aliyeshtuka, asiye na simu wala nauli, ukaenda kwa taasisi ambazo mifumo yao tayari inaongea.

Vipande vya huduma kama hiyo Tanzania tunavyo vyote. NIDA inajua kidole ni cha nani. Kampuni za simu zinajua kidole kile kina laini ngapi, na mwananchi mwenyewe anaweza kuzihakiki kwa *106#. TCRA inaweza kukizima kifaa. Benki Kuu inasimamia benki na huduma za fedha kwa simu kwa pamoja. Mwaka 2019 taasisi hizi ziliunganishwa ndani ya miezi minane ili mwananchi athibitishe kwamba yeye ni yeye, tena kwa tishio la kuzimiwa laini. Sijaona bado maelezo ya kwa nini haziwezi kuunganishwa ili athibitishe kwa simu moja ya kuazima, pale kituoni, kwamba kuanzia dakika hii mwenye laini hiyo si yeye.